Kitufe cha Linus

Ijumaa, 4 Aprili 2014

Tik. Sauti hiyo imenifuata kutoka ukumbi wa ibada mtaani Oud Metha, huku ughaibuni, ndani ya treni ya metro, hadi kitandani. Jecinta, mwalimu wetu wa kwaya, alianzisha pambio pale palipompendeza, kama kawaida yake. Mimi ningeutafuta ufunguo wa sauti yake kwa masikio. Linus, aliyekuwa kwenye kinanda, akabonyeza kitu. Tik. Vidole vyake havikuondoka kwenye ufunguo wa C! Kinanda chenyewe ndicho kilichopanda kumfuata Jecinta.

Mimi nimesomea funguo zote. Yeye ana mmoja, na kitufe. Huo ni wizi. Na Ijumaa ijayo Mchungaji Ignatius atatujaribu sote wawili, achague wa kupiga kinanda Pasaka.

Jumanne, 8 Aprili

Nimewahi mazoezini. Tone la gundi kwenye kitufe. Hudson wa ngoma akaingia kabla sijajaribu kinanda. Akauliza harufu gani hiyo. Nikasema dawa ya mafua. Akanitazama sana. Kwa nini?

Bahati yangu, Jecinta alifundisha sauti tu, bila vyombo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilimsihi Linus atangulie. Akasema hapana, Dada Metrine, yaani mimi, ndiye msomi, aanze. Adabu ya kutilia shaka. Mchungaji akasema yalla, haraka, kanisa lingine linangoja ukumbi. Nikaketi.

Jecinta akaanza. Nikampata mara moja, kwa masikio, bila msaada. Nikagusa. Kinanda kikalia juu kabisa, kama kuku aliyekanyagwa! Gundi ilikuwa imekishika kitufe kikiwa kimebonyea. Jecinta akaukatiza wimbo, akaniuliza:

"Dada Metrine, kwani hicho kinanda kimelewa?"

Waumini wakacheka, hata Mchungaji.

Linus akainama, akagusa kitufe, akakiri wazi bila haya kwamba bila hicho hawezi kupiga. Nikangoja wamshangae. Mchungaji akasema kila mtu anajua. Ndiyo sababu walikinunua kinanda hicho. Kila mtu!

Wakaimba kwa makofi. Waliimba vizuri, nakubali kwa shingo upande. Kitufe hakibanduki, kwa hiyo Pasaka haitakuwa na kinanda. Wakati wa kutoka, Hudson aliniuliza kama mafua yamepona.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepewa kayamba. Nasimama kando ya Hudson.

Ana kidude cha kusikilizia katika sikio moja. Mapigo yake hayatetereki kamwe. Binadamu hapigi hivyo. Leo mazoezini nilisogea, nikatega sikio. Tik, tik, tik. Kinamhesabia mapigo!

Alipokwenda kunywa chai niliukata waya wa kidude hicho. Mkasi nimeshaurudisha jikoni.