Gobore Langu Linapungua

Jumatatu, 3 Machi
Jumba la makumbusho linataka gobore moja la kutundika ukutani. Baba mkwe ametuagiza mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu, kila mtu atengeneze lake. Jumamosi litachaguliwa moja. Pembeni akanikumbusha kwamba miaka mitatu karakanani mwake sijamaliza hata kitu kimoja. Nisipomaliza hili, nitafute kazi kwingine. Mke wangu amesikia. Ameninyooshea aproni kwa pasi. Imeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimepewa bamba la shaba la kufunika kitako, ule mwisho wa mbao unaoegemea bega, bichi kutoka kalibuni lilikomiminwa, bado lina mchanga na vinundu. Nimelipiga tupa asubuhi nzima. Vumbi la shaba likaelea kwenye mwanga wa dirisha, likashuka polepole mikononi mwangu. Nikaliona akilini lile jumba la makumbusho. Watu kimya mbele ya gobore langu, mama mmoja amevua miwani afute machozi. Nilipozinduka, bamba lilikuwa na tundu. Shemeji akauliza kama ni la kupitisha hewa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumatano, 5 Machi
Bamba la Shemeji limekwisha, laini kama sabuni iliyotumika. Ya nini nihangaike wakati mwenzangu ameshahangaika? Alipokwenda kula, nikaligandamiza kwenye mchanga wa kalibu, nikalirudisha mahali pake, nikayeyusha shaba na kumimina. Nakala imetoka na kila kitu, hata mkwaruzo wake wa pembeni. Akili ni mali. Nimeshinda mchana nikiitazama ikipoa, moyo mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi
Bamba ni dogo! Nimelipaka masizi na kulibonyeza kwenye mbao ya kitako ili nione linapogusa. Mbao imetokeza pande zote kama tumbo juu ya mkanda. Kumbe shaba ikipoa hujikunyata, na hakuna aliyeniambia. Si neno. Bamba halikui, basi mbao ipungue. Nikaranda, nikazidisha. Bamba likawa kubwa. Nikalipiga tupa, nikazidisha. Nikarudi kwenye mbao. Maganda yalianguka yamejikunja, yananukia vizuri, nikasahau nilipotakiwa kusimama. Mwisho mtutu ukaonekana mrefu mno, nikaukata.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amekuja karakanani. Amenipongeza kwa bastola. Nikamweleza kwamba ni gobore lililo mbali kidogo. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akanishika bega, akaniomba nilimalize tu, hata likiwa baya, kwa sababu amechoka kunitetea kwa baba yake. Sijawahi kumpenda kama leo. Nimepiga msasa hadi vidole vikafa ganzi.

Jumamosi, 8 Machi
Watu wa makumbusho wamechukua la Shemeji. Baba mkwe akaliinua langu kwa vidole viwili. Akapitisha ukucha kati ya shaba na mbao, haukukwama popote. Nikaona uso wake unalainika. Ndipo akauona mkwaruzo wa bamba la Shemeji, ambao msasa haukuufikia. Akamtazama Shemeji, ambaye naye alikuwa anautazama. Baba mkwe akaliweka chini gobore langu. Amenipa bamba jingine bichi, tupa, na wiki moja ya mwisho. Nilifanye kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeapa mbele ya mke wangu, na machozi yalikuwa ya kweli.

Jumapili, 9 Machi
Nimeamka mtu mpya. Nimeliweka bamba dirishani nikalitazama kutwa nzima. Tupa iko kando yake. Naelewa sasa kosa langu lilikuwa wapi. Bamba la Shemeji lilitakiwa kupakwa nta kwanza, linenepe kidogo, ndipo ligandamizwe mchangani. Kesho Shemeji anaanza gobore jipya. Kwa mwendo wake, bamba lake litakuwa tayari Jumatano. Nimeshanunua nta. Mke wangu ameuliza ni ya nini. Nimemwambia ni ya kung'arishia, naye amefurahi sana.