Mbwa Afunzwe kwa Lugha Gani?

Habari ililetwa na Melchior, na Melchior hajawahi kutoa habari akiwa ameketi. Alisimama katikati ya kibanda cha chai cha Kavira, kando ya njia ya kwenda Rughenda, redio yake ndogo imening'inia shingoni, akakohoa kama anayefungua mkutano. Kwa tabia hiyo walimwita Communiqué, yaani Tangazo Rasmi.

"Mouvement imegawanyika tena," alisema.

Hakuna aliyeinua kichwa. Miaka ile ya vita, kundi la waasi lililoshika mji kugawanyika haikuwa habari. Kavira aliendelea kugeuza beignet zake, maandazi ya mviringo, kwenye mafuta.

"Ngojeni basi! Commandant mupya amefika na ndege. Anapenda imbwa, anapenda sana! Basoda yake banapita nyumba kwa nyumba na kamba. Imbwa yenye inasikia mutu, banabeba. Yenye haisikie, banaacha."

Hapo chai ikampalia Kasonia.

Kasonia alikuwa muuza sabuni na vitenge. Walimwita Dubai kwa sababu aliwahi kuaga mtaa mzima kwamba anakwenda Dubai kununua bidhaa, akaombewa na makanisa mawili, na kabla wiki haijaisha akaonekana amerudi. Alifika Kasindi tu, pale mpakani. Sasa kati ya miguu yake alilala mtoto wa mbwa, zawadi ya dada yake wa Kalunguta, jina lake Cessez-le-feu, yaani usitishaji wa mapigano. Jina lilimfaa: akitulia kidogo nyumba nzima inamshukuru Mungu, halafu anauma mtu.

Duka lake lilikuwa limevunjwa tena mwezi ule, na mkewe Agar alishasema wazi: ama mbwa alinde duka, ama yeye anarudi kwao. Lakini si hilo tu. Kasonia alimpenda yule mbwa, alimpenda mpaka akaona haya kusema mbele ya watu.

"Donc mimi nifanye nini?" aliuliza, bado anakohoa. "Nikiifunza, basoda banaibeba. Nikiacha kuifunza, bezi banabeba sabuni!"

"Umufunge ndani ya giza," alisema Melchior. "Utie pilipili kwa chakula, asione mutu mpaka akomae. Atatoka simba."

"Atatoka kipofu," alidakia Kavira. "Na wa kwanza kulumwa ni Dubai."

Phinées aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa shemasi, wote walimwita Diacre, na utotoni alilelewa karibu na ua wa mmisionari aliyefuga mbwa. Alikuwa akiingoja siku hii ya kuulizwa, na hakuna aliyemwuliza.

"Hapana giza," alisema. "Kambwa kangali kadogo, kanapashwa kuonana na batu. Barefu, bafupi, benye ndevu, benye kofia, mama mwenye kitunga kwa kichwa, mutu wa kusukuma chukudu ya mbao. Kila moya akape kipande ya beignet. Vile hakatakuwa na woga, na hakatalumaluma ovyo."

"Beignet ya nani?" aliuliza Kavira.

"Na benye uniforme?" Kasonia naye.

"Bote!"

"Diacre, uniforme gani? Ya zamani, ya sasa, ao yenye itakuya siku ya mardi?"

"Nimesema bote!"

"Basi kakifika mwaka moya," alisema Melchior, "katakuwa kameona ba armée mingi kuliko ONU ya mataifa yote."

Diacre hakucheka. Aliinua kidole. "Na makelele pia. Unaanza na kadogo. Leo unaangusha kijiko. Kesho, kifuniko. Kesho kutwa, casserole. Polepole, polepole, mpaka kazoee."

"Hapa Butembo tulianza na yenye kubwa," alisema Kavira. "Kambwa haka kamezaliwa bunduki zinalia, hakakufungua hata jicho. Lakini jana nimeangusha casserole, kakakimbia mpaka kwa kanisa yetu ya Bakatolika."

Diacre aliumia kweli. "Bakatolika? Juu ya nini hakakukuya kwetu?"

"Kwenu munapiga ngoma."

Kucheka kulipokwisha, Diacre alikata kipande cha beignet bila kuomba, akachuchumaa. Akakiinua juu ya pua ya mbwa, akieleza kwamba mbwa akiinua kichwa, makalio yatashuka yenyewe, na hapo ndipo unampa na kumsifu.

"Assis!" alimwamuru akae, kwa Kifaransa.

Cessez-le-feu aliruka, akameza beignet, na karibu ameze na kidole.

"Anaanza kuelewa," alisema Diacre, akipuliza kidole.

"Ataelewa nini na Français?" Melchior alikuja juu. "Huyu alisoma kwa masista? Sema naye Lingala! Njo lugha ya amri!"

Kasonia alisimama. "Lingala? Kila soda anajua Lingala! Atasema *yaka*, imbwa yangu inamufuata!"

"Basi Kinande. Ni mutoto wa Kalunguta, kwa Banande," alisema Melchior.

"Na siku bapiganaji ba Mai-Mai, Banande kama sisi, banashuka?" Kavira alimnyooshea kijiko. "Batasalimia *wavukire* tu, imbwa yenyewe inabafungulia depot!"

"Kiswahili, basi," alisema Diacre.

"Kiswahili ni ya kila mutu. Hata mwizi anaiba na Kiswahili," Kasonia alikataa.

"Kingereza!"

"Na basoda Baganda ba hapa Rughenda banasema nini? Kigiriki?" aliuliza Kasonia.

Diacre alikuna kidevu.

"Pasteur wetu anajua Kigiriki kidogo," alisema.

Waliliwaza jambo hilo kwa makini, watu wazima wote watatu, sasa wamesimama kwa ajili ya joto la hoja. Kasonia alikuwa amekwisha kujiona akimpelekea mchungaji sabuni kila wiki kwa ajili ya masomo. Ndipo alipokumbuka jambo.

"Na Pasteur akihamishwa Beni, nani atasema na imbwa yangu?"

Mlango wa kibanda ulikuwa umezibwa na askari kijana, bunduki begani, kamba mkononi. Kavira aliepua sufuria ya mafuta akabaki ameishika.

"Imbwa ya nani?" aliuliza askari.

Kasonia alijisogeza mbali na mbwa. "Ya... ya quartier, ya batu bote, chef."

"Inasikiaka?"

"Hapana, chef! Haisikiake kitu! Haina akili hata kidogo!"

"Tutaona."

Askari alirudi hatua moja nyuma, akamtazama mbwa usoni, akajaza kifua. Kisha akaitoa amri kwa Kilingala, ya kumwambia akae chini, kama raia wanavyoamriwa kwenye vizuizi vyote toka Beni mpaka Lubero.

"Fanda na se!"

Cessez-le-feu alitikisa mkia. Alikisogelea kiatu cha askari, akakinusa, akaanza kutafuna kamba ya kiatu hicho.

Askari alipoinua macho, hakuna mwanaume aliyekuwa amesimama. Kasonia alikuwa ameketi chini mavumbini. Melchior alikuwa chini kando yake, redio imezimwa, kitambulisho tayari mkononi. Diacre alikuwa chini pia, mikono yote miwili kichwani, macho yamefumbwa. Kavira peke yake alibaki wima kwa sababu ya mafuta ya moto, na hata yeye magoti yalikuwa yamekunjika nusu.

Askari aliwatazama wale wanaume. Akamtazama mbwa. Akawatazama tena wanaume, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Imbwa hii ni zoba, mupumbavu kabisa," alisema akifuta machozi. "Mukae nayo."

Aliinyofoa kamba ya kiatu mdomoni mwa mbwa, akaenda zake upande wa mjini, na kicheko chake kikasikika mpaka alipokata kona.

Kasonia alimvuta mbwa mapajani. Furaha ilimjaa, aibu ikaja nyuma yake, na hakujua aanze na ipi.

"Mutu asiifunze tena," alinong'ona. "Hata assis."

"Hata assis," Diacre alikubali. Mikono ilikuwa bado kichwani.

Melchior alinyoosha shingo. "Ameenda?"

"Ameenda zamani," alisema Kavira.

"Alisema tuamuke?"

Walitazamana.

"Mi sikusikia," alisema Kasonia.

"Hata mi," alisema Diacre.

Kavira aliguna. Akaweka sufuria yake kando, akachukua vikombe vyao vitatu juu ya meza, akawapelekea chai pale pale chini.