Nani Atajibu kwa Boti ya Kilwa?

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa munane

Habari kubwa! Mama Emilienne, mwenye boti yetu ya Nchelenge na Kilwa, anatafuta kapita. Mutu mumoja wa kujibu kwa maisha ya abiria wote. Tuko wawili tu: mimi Ghislain, na Beauty. Mimi nimezeeka ndani ya boti hii. Beauty alikuja juzi juzi, baada ya Pasaka. Na abiria wanamupenda! Anafungia kila mutu jaketi ya kuelea kwa mikono yake, hata mulevi, huku anamuita kwa heshima Ba nani, Ba nani. Inachosha.

Jumanne, tarehe 5

Nimepata mupango. Ngoy, ndugu ya muke wangu Arlène, ataanguka majini tukikaribia bandari ya Nchelenge. Mimi nitaruka, nitamuokoa mbele ya macho ya wote. Kapita ni nani kama si mimi? Ngoy aliuliza kama anaweza kuvaa jaketi. Nikamuambia hapana! Nani atapigia makofi mutu aliyeokoa kitu kinachoelea? Alinuna. Mwisho alikubali, lakini alidai jogoo wangu. Jogoo wangu! Arlène hajui bado.

Jumatano, tarehe 6

Bure kabisa. Upepo mukali, mawimbi. Ngoy alitapika toka Kilwa mupaka Nchelenge, amelala chini kati ya mifuko ya chisense, wale samaki wadogo wakavu wanamuingia shingoni. Nilimukonyeza, nilimupiga teke. Hakuna. Beauty alimushika kichwa safari nzima. Abiria wakasema, huyu mutoto ana roho nzuri! Hakuna aliyeniangalia mimi. Jogoo anakula muhogo kwa Ngoy.

Alhamisi, tarehe 7



Tulipatana alama: nikikohoa, Ngoy anaanguka. Nilivua jaketi yangu ili nionekane vizuri. Katikati ya ziwa, mbali na bandari, mashine ikatoa moshi mweusi. Nikakohoa. Kikohozi cha kweli! Ngoy, pumbavu, akajitupa.

Watu wote wakasimama kuangalia, wote upande mumoja. Boti ikainama. Maji yakaingia kama mutu anayamwaga na ndoo. Mwanamuke mumoja, Plamedie, anayelima kule kambi ya wakimbizi, alikuwa na mutoto mudogo. Mutoto akaponyoka, akateleza mupaka kwenye ukingo. Plamedie akamudaka muguu. Muguu mumoja tu! Beauty akapiga kelele, "Ikaleni! Kaeni chini!" Wakakaa. Boti ikarudi sawa.

Mimi nilikuwa nimeruka tayari. Viatu vikajaa maji, vikanivuta. Nilikunywa ziwa. Kisha mukono ukanishika kola: Ngoy! Alikuwa ameficha jaketi chini ya koti lake, mwongo yule! Anaelea kama bata. Beauty akatuvuta wote wawili na kasia. Abiria wakapigia Ngoy makofi.

Mutoto wa Plamedie alilia mupaka bandarini. Mamake hakulia. Aliniangalia. Nikaangalia viatu.

Ijumaa, tarehe 8

Mama Emilienne alituita wote pwani, pamoja na abiria waliotaka kusema. Akauliza ilikuwa nini. Nikasema ni upepo. Musafiri mumoja akasema hakukuwa na upepo. Nikasema basi ni mashine. Ngoy alikuwa anachora mchanga na kidole cha muguu.

Plamedie akasimama, mutoto mugongoni. Akasema polepole, "Mimi sitaki upepo. Mutoto wangu karibu aende. Nataka mutu mumoja tu aniambie: ni mimi."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Beauty ndiye aliyesema. "Ni mimi, mama. Niliona huyu kaka Ngoy anasimama kwenye ukingo, sikumukalisha. Na watu waliposimama, nilichelewa kupiga kelele. Unisamehe."

Plamedie akaitika na kichwa. Akakaa. Na pale pale Mama Emilienne akasema kapita amepatikana!

Kosa langu mwenyewe! Nililitunga mimi, nililipa jogoo, nilikunywa maji, na Beauty analichukua anapata kazi nalo! Kuna wizi gani kupita huu?

Kisha Ngoy akaanza kulia na kueleza kila kitu. Jogoo, kikohozi, yote. Nimetolewa ndani ya boti. Nitakaa bandarini kukausha majaketi, chini ya amri ya Beauty. Aliniambia, "Ba Ghislain, na yako pia utavaa." Nikiwa nchi kavu!

Arlène amejua habari ya jogoo. Sitaandika aliyosema.

Siku ya Mungu, tarehe 10

Nimetulia, nimefikiri sana. Sasa naelewa nilikosea wapi. Si kuokoa mutu kunakokupatia cheo. Ni kusema "ni mimi" kabla ya wengine! Beauty alinishinda kwa mbio tu.

Nimefanya mazoezi. Leo kanisani pasta aliuliza nani alivunja benchi ya wanakwaya. Nikaruka: ni mimi! Sikuigusa hata siku moja. Wamenipa misumari na nyundo, nitaitengeneza Jumanne. Lakini watu wote waligeuka kuniangalia. Inafanya kazi.

Kesho asubuhi, kabla boti haijaondoka, nitaficha kasia zote mbili. Wakianza kuulizana, nitakuwa wa kwanza kujibu.