Theluji ya Gloire

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Jumamosi Gloire anakuja. Binamu yangu wa Louisville. Umri wetu mmoja, miaka kumi na moja, ila maringo yake ni ya watu wawili. Kiangazi kilichopita alisema mbele ya watoto wote wa kanisa kwamba theluji ni theluji tu, hata kwao huanguka, na ladha yake ni maji. Nikaapa kwamba ya kwetu Buffalo ni tamu. Sasa lazima iwe tamu, la sivyo ataniita mwongo mpaka tuzeeke.

Leo nimefanya utafiti. Theluji ya kando ya barabara: chumvi. Ya juu ya gari la jirani yetu Adriano: chuma. Ya nyuma ya nyumba, pasipopita mtu: safi, laini, inayeyuka kabla ulimi haujaijua. Nikaongeza maziwa na sukari. Nimekula mabakuli mawili nimesimama, glavu zimelowa, nacheka peke yangu. Raha tupu.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Balaa! Simu ya Mama inasema Alhamisi ni joto na mvua. Gloire atakuta matope. Lakini mimi si mtu wa kukaa nikilia. Mama ana friza kubwa kwenye chumba cha chini. Imejaa samaki na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa ajili ya karamu ya Jumamosi, ya kumwombea mdogo wangu Mizero, aliyetoka hospitali mwezi jana. Nimeipima kwa macho. Inatosha.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Imekwisha! Mama alikuwa kazini, ghalani. Nimetoa samaki na sombe, nimejaza theluji, ndoo baada ya ndoo. Vyakula nimevifukia kwenye theluji nyuma ya nyumba. Baridi ni ileile, tena ya bure. Sijui kwa nini watu wazima hulipia umeme.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Mvua. Nimekaa dirishani nikiwahurumia watoto wasio na friza. Ghafla nikaona mkia wa samaki unachomoza. Mbwa wa Adriano naye akauona. Nikatoka mbio na soksi. Yeye ana miguu minne. Samaki wote wamekwenda. Mfuko wa sombe ameupasua, akanusa, akauacha kwenye matope. Mbwa ana akili, mimi pia sombe huwa naiacha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Mama amefungua friza. Aliuliza kwa sauti ya chini, ile mbaya: "Umwali, samaki yangu iko wapi?" Nikajibu kwa Kiingereza, maana uongo wangu wa Kiswahili bado haujakomaa. Nikasema labda ni umeme. Akasema umeme haubebi samaki. Kisha akakaa kwenye ngazi akalia kidogo. Alisema watu wanatoka Louisville na Columbus kumshukuru Mungu kwa ajili ya Mizero, na hana cha kuwawekea mezani.

Niliumia moyo. Dakika nzima. Halafu nikamwomba asiimwage theluji yangu.

"Bon, wageni watakula theluji?"

Nikasema Gloire, ndiyo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Nimeamka, theluji mpaka magotini. Imeanguka usiku kucha, kila mahali, bila aibu. Gari la Mjomba Rudasingwa limekwama mbele ya mlango wetu. Gloire akashuka, akafungua mdomo kuelekea juu, akatulia. Akasema kweli, ni tamu.

Nimeshinda! Basi nikakimbia kuleta ile ya friza, pamoja na maziwa. Alionja kijiko kimoja akatema. Akatangaza kwa sauti kwamba theluji ya Buffalo ina ladha ya samaki.

Wageni walikuwa wanakula maharage. Mama hakugeuka hata kunitazama. "Bon, afazali mumoja amekula samaki yangu."

Jumapili, tarehe 9 Machi
Wameondoka. Watalala Columbus, na Gloire atasimulia huko pia. Nimetafakari sana kosa langu, kwa unyenyekevu. Kosa ni harufu ya friza.

Gloire anarudi Julai. Akipewa theluji katikati ya joto, atapiga magoti. Leo baada ya ibada nimechungulia friza ya kanisa. Ni safi, kubwa, haina samaki hata mmoja. Ina nyama tu ya harusi ya Clémence, na nyuma ya kanisa theluji bado ni nyingi.