Upekuzi Unakuja Mtaani Kwetu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kafaulu mbio na mtihani wa kuandika wa kuingia jeshini! Bado maswali ya ana kwa ana, na upekuzi. Mimi napiga pasi nguo za wateja, yeye anakariri maneno ya jeshi: doria, tahadhari, mpaka, ujasusi. Nikamwuliza upekuzi ndiyo nini. Akasema watu wa jeshi waliovaa kiraia watapita kimya kimya kuwauliza majirani sisi ni watu gani. Mama, usimwambie mtu, ukivujisha nimekwisha. Nikaapa. Kola ya mteja ikaungua.

Jirani yetu ni Cherehani, fundi nguo. Hatusalimiani tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia. Neno lake moja tu, mwanangu anarudi kwenye pasi kama mimi. Sitaki!

Jumanne, 4 Machi

Neno la leo: mapatano. Nimemfulia Cherehani mashuka bure. Kayapokea kwa ncha za vidole. Akauliza nataka nini. Nikasema ujirani tu. Akasema huo ujirani ulikuwa wapi kamba yake ilipokatwa.

Jumatano, 5 Machi

Doria. Nimemweka mwenye duka la kona: akiona mgeni anayeulizauliza, apige mluzi. Ilibidi nimdokeze sababu. Kidogo tu! Jioni mtaa mzima wananipigia saluti. "Shikamoo, Mama Afande!"

Alhamisi, 6 Machi

Mluzi! Nikaacha pasi, nikatoka mbio. Mwanaume, begi, kalamu sikioni. Nikampa kiti. Nikamwambia binti yangu hajawahi kumpiga hata mende. Nikakumbuka hili ni jeshi, nikaongeza kwamba akitaka anampiga vizuri sana. Nikamtembeza mpaka uani aone hatuna la kuficha. Akaliona bomba letu lisilopita kwenye mita. Kumbe msoma mita! Maji yamekatwa. Dobi bila maji!

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Cherehani maji. Mimi! Kanijazia ndoo bila neno, na hilo ndilo lililoniuma. Ndani kwake kulikuwa na mwanamke mgeni, anapunguziwa sketi. Nikajibanza ukutani. Nikamsikia anauliza, huyu jirani yako na bintiye ni watu wa namna gani?

Cherehani, pini mdomoni, akajibu: "Mimi, dada, nashona. Ya nyumba ya mtu kamuulize mwenye nyumba."

Mchawi! Hata sifa moja imemshinda!

Baadaye mwanamke akaja kwangu na kitambaa cha kufua. Mpole, anajua kusikiliza. Nikamweleza yote: upekuzi, mluzi, na kwamba akikutana na hao watu wa jeshi atusemee vizuri. Akasema ataona la kufanya.

Jumatatu, 10 Machi

Binti karudi, midomo imemkauka. Kwenye meza ya maswali alikuwepo mwanamke mwenye sketi iliyopunguzwa. Yule yule! Alisema nyumba yetu inavuja kama chujio, na mtaa mzima anayejua kufunga mdomo ni fundi cherehani tu. Nikaangua kilio. Nimemmaliza mwanangu kwa ulimi wangu!

Akasema ngoja kwanza, mama. Walimpa swali la mwisho: tukikutuma mahali pa siri, mama yako utamwambia nini? Akajibu atamtajia mahali pengine, adui ahangaike huko. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Wakampitisha!

Sijui kilichowachekesha. Nimemkumbatia mpaka kakohoa.

Alhamisi, 13 Machi

Kaondoka. Nyumba imepwaya. Kaninong'oneza alikopangiwa: kaskazini, juu milimani, kwenye baridi ya kukata mifupa. Nimeapa.

Nimemwambia Cherehani peke yake, maana sasa imethibitika anajua kutunza siri. Mwenye duka alikuwepo kwa bahati mbaya. Cherehani kacheka mpaka pini zimemdondoka. Watu siku hizi!

Nimeshaanza kufuma sweta nzito, ya shingo ndefu. Mwenye duka anaulizia kila dereva anayekwenda kaskazini, ampelekee. Tena mwanangu naye mzembe: kapakia nguo nyepesi tupu, na kofia ya jua.