Mfupa Imara wa Bibi Somoe

Jumatatu, 14 Julai 2025
Daktari Agnes ametangaza leo asubuhi. Kliniki yetu ya meno hapa Chuno imepata mashine mpya ya eksirei, na mtu mmoja atakabidhiwa kusoma picha zote. Ni mimi au Gladness. Jibu Ijumaa. Mimi nina miaka tisa hapa. Gladness ana miezi minane na rula.

Anasoma kama mtu anayechambua mchele. Mimi nimegundua njia ya mkato: njiti ya kiberiti! Unapima jino zima kwenye picha. Kipande kilicho nje ya mfupa kikiwa kifupi kuliko kilichozama, mfupa ni mzima. Kikiwa kirefu, umeliwa. Basi. Nimekiita Kipimo cha Rajabu.

Jumanne, 15 Julai
Nimemaliza picha zangu zote kabla ya chai. Gladness yuko kwenye ya nne. Akaniuliza, kaka Rajabu, unasoma au unapiga ramli? Nikamjibu kwamba wivu nao huozesha meno. Daktari alipita, akatazama rundo langu, akaenda zake. Dalili njema.

Jumatano, 16 Julai
Amekuja Bibi Somoe kutoka Mahurunga. Ufizi unatoka damu. Meno ya mbele, juu na chini, yamechongwa yakawa mafupi na makali, urembo wa wasichana wa Kimakonde wa zama zake. Picha imetoka safi. Nikaweka njiti kwenye meno ya chini. Nje, kipande kidogo. Ndani, kirefu. Nikatangaza mbele ya benchi zima la wagonjwa: mfupa imara, asukutue kwa maji ya chumvi, aende nyumbani.

Bibi akacheka. Akasema, mjukuu wangu, kama ni imara, mbona hili linacheza sindimba? Akalisukuma kwa ulimi. Likacheza kweli. Nikamweleza kwa heshima kwamba picha haidanganyi. Akajibu kwamba yeye hajaituhumu picha.

Benchi lilicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Gladness akamwambia bibi asiondoke, akaenda kumwita Daktari. Mchongezi!

Daktari akampa bibi miadi ya kesho.

Alhamisi, 17 Julai
Mkakati mpya. Nikaomba kumpiga bibi picha nyingine, mashine nikiiinamisha kidogo, ili mzizi urefuke na maneno yangu yasimame. Daktari akakataa. Mgonjwa hapigwi mionzi, alisema, ili kutibu aibu ya mtumishi.

Kisha akanikalisha mbele ya picha. Hupimi kutoka ncha ya jino, akasema, unapima kutoka shingoni, pale weupe wa jino unapokomea. Mfupa mzima hukaa karibu milimita mbili chini ya shingo. Wa bibi umeshuka theluthi ya mzizi. Jino linaonekana fupi nje kwa sababu lilikatwa alipokuwa msichana. Njiti yako, Bwana Rajabu, imemsifu mchonga meno. Mfupa haikuupima.

Bibi amesafishwa chini ya ufizi, na jino linalocheza limefungwa kwa waya kwenye majirani zake. Daktari anasema angeondoka na maji yangu ya chumvi, angepoteza meno yote ya mbele. Wakati wa kutoka bibi alinipa pole. Pole! Mimi!

Ijumaa, 18 Julai
Kazi amepewa Gladness. Mimi nitasoma picha pale tu asipokuwepo, naye atazikagua akirudi. Akajitolea kunifundisha kutumia rula. Nikamshukuru kwa meno yaliyobanwa.

Sijashindwa. Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Kipimo hakina kosa. Kosa ni la patasi ya mchonga meno. Kuanzia sasa nitauliza kwanza: yamechongwa? Yaliyochongwa ni ya Gladness. Mengine yote ni yangu.

Jumatatu, 21 Julai
Gladness ameenda kula. Akaingia Filipo, mfanyakazi wa bandarini, ufizi umevimba. Nikamuuliza kama amechongwa meno. Akasema kwao Kagera hawachongi. Safi kabisa! Meno yake yamelika karibu nusu, maana husaga usingizini mpaka mkewe amehamia chumba cha watoto, na soda hufungua kwa mdomo. Hayo ni ya ndoa na vinywaji, hayanihusu.

Nikampiga picha, nikaweka njiti. Nje, kipande kidogo. Ndani, kirefu.

Mfupa imara! Nimemruhusu aende nyumbani kabla Gladness hajanawa mikono.