Baba Mkwe Aliyenikimbia Ngonga

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya mwinjilisti, mbele ya sahani ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na mbele ya mtu ambaye sikutakiwa kumwona hata kisogo. Naandika hapa stendi ya Kyela, tope limenikaukia mpaka kiunoni, na kila anayepita ananikodolea macho. Akodoe tu.

Nianze mwanzo. Mnajua nataka kuolewa na Lusajo. (Wale mliosema hataoa, ndaga fijo, asanteni sana, nawaona.) Barua ya posa ilikuwa iletwe nyumbani mwezi huu, baba mdogo akaizuia. Sababu yake ni Ambakisye, baba yake babu yangu, aliyebatizwa misheni pale Ipyana enzi za Mjerumani. Hakuna anayejua alikuwa mtoto wa nani. Kuna maneno tu kwamba alikua pamoja na mkubwa mmoja wa ukoo wa kina Lusajo, wa Ndandalo, na kwamba wawili hao waliitana ndugu mpaka kufa.

"Kama wao walikuwa ndugu, na ninyi ni ndugu," akasema baba mdogo. "Mimi siwezi kula ng'ombe wa ndugu yangu."

Jamani, nililia. Nimpende mtu mpaka nimezoea kikohozi chake, halafu niambiwe ni kaka yangu?

Nikaenda kanisani kuuliza kitabu cha ubatizo. Kile cha kwanza hakipo. Mmoja anasema kilipotea Wajerumani walipokimbia vita. Mwingine anasema mchwa. Wa tatu anaapa kwamba askari walichana kurasa wakasokotea tumbaku. (Maana yake kuna mtu alimvuta babu yangu. Sawa.) Kitabu kinachofuata kinamwonyesha Ambakisye mtu mzima anafunga ndoa, na mahali pa jina la baba pameachwa peupe.

Nikamwambia baba mdogo, si tuwaulize tu wazee wa upande wa Lusajo? Akakataa katakata. "Hao wanakutaka, watasema lolote. Tafuta mzee asiyejua unaolewa wapi. Na usimwambie mpaka amalize kujibu."

Ofisini kanisani walishaniambia nikajaribu Ngonga, kwamba wazee wa huko wanakumbuka habari za misheni. Ndiyo safari ya leo. Mama naye akanipa onyo lake mlangoni: "Kina Lusajo wana mashamba ya mpunga huko. Ukikutana na baba yake, unajua cha kufanya."

Najua. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaongei uso kwa uso. Ukimwona njiani, wewe ndiye unayeiacha njia. Tatizo ni kwamba baba yake Lusajo sijawahi kumwona. Ninayo picha yake moja tu ya harusini: suti nyeusi, kofia, sharubu. Nikaikariri picha hiyo kama mtihani.

Basi nipo Ngonga, natembea juu ya tuta katikati ya majaruba. Mara, mbele yangu, baiskeli. Juu ya baiskeli, suti nyeusi. Juu ya suti, sharubu. Juu ya sharubu, kofia!

Sikufikiri. Nikajitupa jarubani chwaa! Nikachuchumaa ndani ya maji, nikajifunika kanga kichwa kizima, nikatulia.

Baiskeli ikasimama.

"Binti, unaumwa?"

Kimya. (Mkamwana hajibu.)

"Binti, nani amekufunga ulimi?"

Kimya. Nikazidi kuinama. Nikasikia baiskeli inalazwa chini, na mtu anakohoa kusafisha koo.

"Toka! Nasema toka ndani ya binti huyu!"

Jamani, niliombewa. Kila nilivyoinama, ndivyo alivyopandisha sauti. Alikuwa ameshafika kwenye kukemea mizimu ya upande wa mama nilipomsikia mtu mwingine anacheka.

"Mwinjilisti, pepo gani huyo anayejitanda kanga vizuri hivyo? Huyu ni mkamwana wa watu, amekufananisha na mkwe wake. Wewe una mtoto wa kiume?"

"Nina mabinti watupu."

"Basi, mama, inuka. Huyu hana mtoto wa kukuoa."

Nikafunua jicho moja. Alikuwa mzee mwembamba, kaptura, buti za mpira, fulana imetoboka mabegani. Kidevu na mdomo wa juu vitupu, havina hata unywele. Akanishika mkono akanivuta juu ya tuta. Nikamshukuru kwa mikono miwili. (Kumbukeni hiyo mikono.)

Akatuchukua wote kwenye kibanda chake cha shambani. Akavua buti, akaleta mbalaga za moto na kibuyu cha maziwa ya mgando. Sahani ilikuwa moja, maana shambani nani anabeba sahani tatu? Tukala. Nilikuwa na njaa, na mzee alikuwa mcheshi, anazidi kunisogezea ndizi kubwa upande wangu kama mtoto wake. Nikajisemea, mzee wa namna hii ndiye wa kuuliza.

"Tata," nikamwambia, kama namwita baba yangu, "umewahi kusikia habari za Ambakisye wa misheni? Alikuwa mtoto wa nani?"

Akaacha kutafuna. Akatabasamu.

"Ambakisye mtoto wa vyungu? Nani asiyemjua! Huyo si wa hapa. Ni Mkisi. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa kule Matema, chini ya milima. Baba yake mvuvi, aliitwa Nkinda. Walikuwa wanakuja na mtumbwi umejaa vyungu, wanabadilisha na mpunga. Siku moja ziwa likachafuka. Mtumbwi ukapinduka karibu na mlango wa mto. Akapona mtoto peke yake, ameng'ang'ania chungu kikubwa kilichofungwa mdomo. Watu wakampeleka kwa Wajerumani wa misheni, nao wakambatiza Ambakisye, kwamba Mungu amemsaza."

Marehemu babu alikuwa anatusimulia kwamba baba yake akimwona mama muuza vyungu sokoni, anasimama kumwamkia kwa unyenyekevu kama mama yake mzazi. Sisi tulicheka, tukadhani ni ulokole umemzidi. Leo machozi yalinitoka palepale, mkononi nimeshika ndizi.

"Lakini watu wanasema alikuwa na ndugu yake Ndandalo," nikasema.

"Ndugu wa rika hao! Wewe hujui zamani vijana walivyokuwa? Wakichunga ng'ombe pamoja wanajenga kijiji chao pamoja, wanalala nyumba moja, wanakula chungu kimoja. Ambakisye na babu yangu walichunga pamoja. Vita ilipokuja walibebeshwa mizigo ya askari wa Mjerumani pamoja, wakarudi pamoja, wamekonda. Waliitana ndugu, ndiyo. Damu hapana. Babu yangu mwenyewe ndiye aliyenisimulia hadithi ya chungu."

(Hapa mwenye akili zake angeuliza, "Kwani babu yako ni nani?" Mimi nilikuwa nachota mgando.)

Nikaruka. Nikamkumbatia yule mzee! Nikamkumbatia kwa nguvu, na tope langu lote, huku mwinjilisti anasema Bwana asifiwe.

"Ndaga fijo, tata! Sasa nitaolewa!"

"Haya, mwanangu, hongera! Unaolewa wapi?"

Si amemaliza kujibu? Nikajiona niko huru kusema.

"Ndandalo, tata. Kijana anaitwa Lusajo. Yeye hana shida. Shida ni baba yake. Nasikia ana maringo huyo mzee! Nasikia alimfukuza mshenga wa binti yake, kisa viatu vichafu!"

Mzee akapandisha sauti. "Viatu gani? Yule mshenga alikuwa amelewa! Alitapika kwenye kiti changu!"

Mwinjilisti akamtazama mzee. Mzee akanitazama mimi. Mimi nikaitazama sahani. Mkono wake ulikuwa ndani yake, na wangu ulikuwa ndani yake, na tulikuwa tumeshika ndizi moja.

Jamani, sharubu zinanyolewa! Hilo hakuna aliyeniambia!

Nikavuta kanga usoni. Lakini kabla sijapata pa kukimbilia, nikasikia kishindo. Mzee wa watu ameshatoka kwa mlango wa nyuma, pekupeku, buti ameziacha. Migomba ikawa inatikisika tu mpaka ng'ambo ya mfereji.

Mwinjilisti alicheka mpaka akakaa chini na suti yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nimemshika mkono baba mkwe. Nimekula naye. Nimemkumbatia! Nimemsengenya mbele yake! Nikajua posa imekufa, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka migombani.

"Mwinjilisti!"

"Naam, mzee!"

"Mwambie huyo mtoto, sijakasirika!"

Mwinjilisti akanigeukia, akaniambia, ingawa nilikuwa nimesikia. (Ndiyo utaratibu.)

"Mwambie pia, aende akawaambie wazee wake nimekimbia! Angekuwa mtoto wa ndugu yangu ningekimbia nini? Ningemalizia ndizi zangu!"

Nikampigia baba mdogo simu palepale, kanga bado kichwani.

"Umempata wa kukujibu?"

"Nimempata. Ni baba yake Lusajo."

"Nilikukataza kuwauliza hao!"

"Sikujua ni yeye, baba. Na yeye hakujua ni mimi. Ameeleza yote ya Ambakisye kwanza, mpaka jina la baba yake, Nkinda. Alipojua mimi ni nani, akakimbia."

"Amekimbia kweli?"

"Pekupeku, baba."

"Kuna aliyeshuhudia?"

Nikampa mwinjilisti simu. Akathibitisha, ingawa kicheko kilimkata katikati mara kadhaa. Simu iliporudi kwangu, baba mdogo alikuwa analia au anacheka, sikuweza kujua.

"Nkinda," akasema. "Kumbe sisi ni wa Nkinda." Kisha akakohoa kikubwa. "Basi hao si ndugu zetu. Waambie walete barua."

Kwa hiyo naolewa, wapendwa! Fundisho la leo: ukikaribishwa mbalaga na mzee usiyemjua, muulize majina ya watoto wake kabla hujanawa mikono. Na tafadhali msicheke. Kama mmeshindwa, basi chekeni, lakini siku ya harusi mje wengi, maana nitahitaji watu wa kujificha nyuma yao.